Pampu Isiyotoa Maji: Mota Husingiziwa Mengi

Katika mji wa Juba, mashine ya kuoshea vyombo si chombo cha kila nyumba. Familia nyingi za Munuki, Gudele na Gumbo huosha sahani kwa beseni mbili na sabuni ya kipande, na kazi hiyo huifanya vizuri. Lakini katika mesi za kambi, katika hoteli za kandokando ya Mto Nile, na katika nyumba kadhaa za watu waliorudi kutoka ng'ambo na vyombo vyao, mashine hizo zipo. Askari na polisi wa Afrika Mashariki waliopata kutumikia huko chini ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2011 wamezikuta jikoni, na wengine wamezizoea hata wakazitaka majumbani mwao. Ugonjwa wake mkubwa hufanana mahali pote. Mashine huanza kuosha, hunguruma kama kawaida, kisha husimama katikati ya kazi; na anayefungua mlango huona maji ya kijivu yenye mafuta yamejaa chini, na sahani zimekaa juu yake.

Hapo ndipo fundi anapoitwa, naye aghalabu hutoa hukumu kabla ya kuinama.

"Mama, mota ya pampu imekufa. Hapa Juba haipatikani, mpaka iagizwe Kampala."

"Una hakika, fundi?"

"Mama, mota ikinyamaza imekufa."

Fedha hutolewa. Pampu husafiri kwa basi kupitia Gulu mpaka Nimule, kisha hufuata ile barabara ya kilomita 192 iliyokamilika kutiwa lami mwaka 2012, na baada ya siku kadhaa hufika ikiwa imefungwa katika gazeti. Inapofungwa mahali pake, mashine hukataa kutoa maji vilevile, kwa kuwa kilichokuwa kimeziba bado kimeziba. Pampu nzima imekwisha kutupwa, na mfuko wa nyumba umetoboka bure. Yafaa basi mwenye mashine ajue namna ya kuutafuta ugonjwa mwenyewe, ama angalau namna ya kumwuliza fundi maswali yasiyokwepeka.

Maji yaliyolala ndani ya mashine si jambo la kupuuza kwa siku mbili tatu. Juba ni mji uliopata kuonja kipindupindu: mwezi Mei 2014, tena mwaka 2016, na tena katika mlipuko uliotangazwa Oktoba 2024 huko Renk ukafika mpaka mjini. Maji ya matumizi katika nyumba nyingi huletwa na maboza, na mengine huwa yametekwa mtoni bila dawa. Mpishi wa mesi aliyechelewa, ambaye mashine yake imekwama, hushawishika kuzitoa sahani katika maji hayo machafu na kuzisuuza upesi kwa maji ya pipa ili chakula cha jioni kisicheleweshwe. Mashine iliyokuwa ikiosha kwa maji ya moto ya digrii 60 au zaidi imegeuka beseni la maji baridi, na watu mia wanalia sahani hizo. Mashine ikikwama, vyombo vioshwe upya kwa mkono, kwa sabuni na maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini. Kazi ya pampu ifuate baadaye.

Mashine hizi tangu asili zilikuwa za majiko makubwa. Bibi Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1886 na kuionyesha mashine katika maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, alipata wateja wake wa kwanza kwa wenye hoteli na mikahawa, si kwa akina mama wa nyumbani. Kwa hiyo mesi ya askari yenye mashine ya namna hiyo haikujitia makuu.

Sasa kuhusu pampu yenyewe. Ndani ya mashine mna kazi mbili za kusukuma maji. Ya kwanza ni kuyarusha maji ya moto yenye sabuni juu ya vyombo, nayo hufanywa na pampu kubwa. Ya pili ni kuyatoa maji machafu nje, nayo hufanywa na pampu ndogo isiyozidi ngumi ya mtu mzima, inayokula umeme wa wati 30 hivi, pungufu ya balbu ya kizamani ya wati 40. Pampu hii ndogo ina koili ya waya wa shaba iliyozungushiwa chuma, na katikati yake silinda ya sumaku iliyoshikamana na impela, yaani gurudumu dogo la plastiki lenye mapezi. Sumaku hukaa ndani ya maji na koili hukaa nje mahali pakavu, ukuta wa plastiki ukiwa baina yao. Hakuna brashi za kaboni za kuisha, wala kapasita ya kuharibika. Umeme wa hezi 50 ukipita katika koili, sumaku huufuata na kuzunguka mara 3000 kwa dakika, si zaidi wala si pungufu. Katika kuanza, huweza kuelekea kulia au kushoto, yoyote itakayotangulia. Ndiyo maana mapezi ya impela yake yamenyooka, hayakupindwa kama ya pampu za visima. Ni mota sahili na sugu mno. Kinachoiua ni kitu kilichoingia ndani yake au umeme mbaya, mara chache sana uzee wake.

Kabla ya mkono wowote kuingia ndani, plagi na itolewe ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, maana katika nyaya zilizofungwa kwa haraka swichi huweza kuwa imekata waya usiokuwa na moto, na ule wenye moto ukabaki umefika ndani ya mashine. Huko Juba tahadhari hii ina uzito wa pekee. Vyumba vingi vya kambi na vya hoteli ndogo ni makontena ya chuma, na erthi yake huenda ikawa fimbo fupi iliyochomekwa katika ardhi kavu, au isiwepo kabisa. Mtu aliyesimama juu ya bati lililolowa, mkono wake ukiwa ndani ya maji yenye umeme unaovuja, hapati nafasi ya pili. Jiko lolote lenye mashine ya namna hii lastahili kuwa na ile swichi inayojikata umeme unapovuja, ya miliampia 30, na swichi hiyo ina kitufe cha kuijaribia ambacho yapasa kibonyezwe kila mwezi.

Hatari nyingine ni sabuni. Sabuni ya mashine hizi si kama ya mkono. Ni kali, hubabua ngozi na huumiza macho vibaya sana. Maji yaliyolala yamebeba sabuni hiyo. Yatekwe kwa kikombe na kumaliziwa kwa sponji, mtu akiwa amevaa glavu za mpira, ambazo pia zitamkinga na vipande vya bilauri. Watoto wakae mbali. Maji hayo yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha.

Sikio ndilo kipimo cha kwanza, na halina gharama. Mashine nyingi zina namna ya kuanzisha utoaji wa maji peke yake, kwa kushikilia kitufe cha kuanzia kwa sekunde chache. Mlango ukiwa umefungwa na mtu akiwa amekaa kando bila kugusa kitu, asikilize. Pampu ikinguruma kwa sauti nzito ya "mmmm" na maji yasitoke, umeme unafika na koili ni nzima, ila impela imeshikwa na kitu. Ikitoa sauti ya kugongagonga kama changarawe ndani ya kopo, mna mfupa au kipande cha kioo. Ikizunguka kwa sauti nyepesi na ya kasi lakini maji yasiende, ama mpira wa kutolea maji umeziba au umekunjika, ama impela imevunjika na kutengana na sumaku yake. Ikikaa kimya kabisa, hapo tu ndipo panapostahili kutajwa habari ya kifo cha mota, na hata hapo mota ina wenzake wa kushitakiwa pamoja naye.

Kazi ya mikono huanzia kwenye chujio. Lipo chini kabisa katika tumbo la mashine, nalo hutoka kwa kuzungushwa kushoto. Katika majiko ya Juba chujio hukusanya miiba ya samaki wa Nile, mbegu za bamia zenye ute, maharage, vijiti vya kuchokolea meno, karatasi za chupa, na kitu kimoja ambacho vitabu vya maelezo vya watengenezaji havikitaji hata kidogo: tope. Maji ya Nile, hasa wakati wa mvua, yana udongo mwembamba usioonekana ndani ya bilauri lakini unaotua mahali popote maji yanapotulia. Ukichanganyika na mafuta ya nyama huwa kama lami nyeusi. Chujio lioshwe kwa maji ya moto na brashi ya meno iliyokwisha kazi, si kwa kisu wala waya wa chuma, maana wavu ukitoboka kila takataka itakayopita itaishia kwenye pampu.

Chini ya chujio pana shimo dogo, na ubavuni mwa shimo hilo pana kifuniko cha plastiki kilichoshikwa kwa kishikizo au kwa skrubu moja. Nyuma yake ndipo impela ilipo. Kifuniko kikitoka, kidole chenye glavu kiingie taratibu na kupapasa. Mara nyingi kesi huishia hapa: mwiba umejipachika baina ya pezi na ukuta, au uzi wa gunia umejiviringisha kwenye shina la impela. Vitolewe kwa koleo jembamba.

Kisha impela izungushwe kwa kidole, na hapa mafundi wengi wapya hudanganyika. Impela nzima haizunguki kwa ulaini kama gurudumu la baiskeli. Huenda kwa kurukaruka, ikikwama kidogo kila nusu duru kisha kuruka mbele, kwa kuwa sumaku yake huvutwa na chuma cha koili. Fundi asiyejua hilo husema, "Imeganda," akaitupa pampu nzima. Kadhalika impela huwa na nafasi ya kucheza kwa sehemu ya duru kabla ya kuivuta sumaku. Nafasi hiyo imewekwa makusudi ili sumaku ipate kuanza mwendo bila mzigo. Dalili mbaya ni nyingine: impela isiyosogea kabisa, au inayozunguka bure bila kuruka hata mara moja, au inayotikisika juu na chini kana kwamba tundu la shina lake limeliwa na mchanga.

Impela ikiwa huru na maji yasitoke, mpira wa kutolea maji ukaguliwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashine isukumwe mbele ionekane kama mpira haukubanwa na ukuta. Yafaa mpira upande juu kwanza, hadi kiasi cha sentimita 50 au zaidi kutoka sakafuni, kisha ndipo ushuke kwenye bomba la maji machafu. Ukilazwa chini moja kwa moja, maji machafu huweza kurudi ndani, ama maji safi yakavutwa nje mashine ikiwa bado inajaza. Ukipandishwa kupita mita moja hivi, pampu ndogo huelemewa. Katika makontena ambako mpira hupitishwa dirishani ili umwage mtaroni, kosa hili la pili huonekana sana. Ncha ya mpira itumbukizwe ndani ya ndoo na jaribio lifanywe: maji yakitoka kwa nguvu ndani ya ndoo, bomba la nyumba ndilo lililoziba, wala si mashine.

Sasa habari ya umeme, ambayo kwa Juba ni nusu ya hadithi nzima. Kwa miaka mingi mji huo uliishi kwa jenereta peke yake. Mwezi Novemba 2019 ulizinduliwa mtambo wa megawati 33 wa kampuni ya Ezra, na nyaya zikafika katika mitaa kadhaa, lakini jenereta na umeme wa jua vimebaki katika majumba na kambi nyingi. Mota hii ndogo hufuata mitikisiko ya umeme kama askari anavyofuata ngoma ya gwaride. Jenereta iliyochoka, ambayo mwendo wake umeshuka kutoka hezi 50 hadi hezi 45, huizungusha mota mara 2700 kwa dakika badala ya 3000. Upungufu huo huonekana mdogo, moja ya kumi tu; lakini nguvu ya pampu ya kupandisha maji hupungua kwa kipeo cha pili cha mwendo, na hivyo husalia asilimia 81. Mpira uliopandishwa juu sana, pamoja na jenereta ya namna hiyo, watosha kabisa kuifanya pampu nzima ionekane mbovu. Stabilaiza haiponyi ugonjwa huu, maana hurekebisha volti na si hezi. Dawa ni kurekebisha gavana ya jenereta, kazi ambayo fundi wa injini huimaliza kwa bisibisi na mita.

Volti nazo zina visa vyake. Zikishuka kutoka 230 hadi 170 au chini ya hapo, kama inavyotokea jioni jiko zima linapowasha hita na pasi, mota hukosa nguvu ya kuanza. Hunguruma mahali pamoja huku koili ikipata joto. Mota nyingi zina kinga ya joto ndani yake inayokata umeme na kuurudisha koili inapopoa, na ndiyo maana pampu iliyokuwa kimya saa moja huweza kufufuka saa mbili, watu wakadhani fundi ni mganga. Volti zikipanda kupita kiasi, hasa jenereta inapozimwa na mzigo mkubwa kuondoka kwa ghafula, bodi ya mashine huungua kabla ya mota. Inveta za bei nafuu za umeme wa jua, ambazo mkondo wake hauna wimbi laini, huifanya mota ilie na kupata moto. Mashine ya vyombo isifungwe kwenye inveta ya namna hiyo.

Upo pia ugonjwa wa kinyume: pampu isiyonyamaza hata mashine ikiwa imezimwa kwa kitufe. Hapo mota haina wazimu. Chini ya mashine nyingi mna sinia, na ndani yake boya jepesi. Maji yakivujia kwenye sinia hiyo, boya huinuka, hugusa swichi, na pampu huamrishwa kutoa maji bila kukoma ili jiko lisifurike. Atafutwe mvujo, na sinia ikaushwe kwa kitambaa.

Ikiwa yote hayo yamepita na pampu iko kimya, ndipo mita ya kupimia umeme itolewe. Plagi ikiwa nje, mashine ilazwe chali juu ya mikeka au taulo baada ya maji kutekwa yote, na nyaya mbili za pampu zichomolewe. Mita ikiwekwa kwenye omu, koili nzima ya volti 230 husoma baina ya 100 na 250 hivi, kwa kadiri ya mtengenezaji. Ikisoma sifuri au karibu yake, koili imeungua na kujigusa. Isiposoma lolote, waya umekatika. Lakini kipimo hicho kirudiwe baada ya nusu saa, kwa sababu kinga ya joto huenda ilikuwa bado wazi. Ikisoma sawasawa, mota haina hatia: ugonjwa uko kwenye waya, kwenye kichomeo kilichopata kutu, au kwenye relei ya bodi isiyopeleka umeme. Kupima kama umeme unafika wakati mashine inafanya kazi ni shughuli ya fundi aliyesomea, katika mahali pakavu. Mashine za miaka ya karibuni huweza kuwa na mota ya aina nyingine, inayoongozwa na bodi yake yenyewe. Hizo kipimo cha omu hakizisemi kweli.

Kuna mafundi wanaoichomoa pampu, wakaifunga nyaya za plagi, na kuijaribu mkononi. Jambo hilo lisiruhusiwe katika nyumba yenye watoto wala katika mesi yoyote. Licha ya hatari ya umeme, pampu hiyo hulainishwa na kupozwa na maji. Ikizungushwa kavu kwa dakika kadhaa, tundu la shina hulika, na iliyokuwa nzima huwa mbovu kweli.

Pampu ikithibitika kufa, mnunuzi asiagize kwa jina la mashine peke yake. Aandike maandishi yote yaliyo juu ya pampu ya zamani: volti, hezi, wati na namba ya mtengenezaji. Pampu nyingi hutengenezwa na kampuni kama Askoll ya Italia au Hanning ya Ujerumani na kufungwa katika mashine za chapa mbalimbali, hivyo dukani Kampala au Nairobi huweza kupatikana iliyo sawa kwa jina jingine na kwa bei pungufu. Lakini mkao wa meno ya kushikia na upande wa vichomeo lazima ulingane. Picha mbili za simu, moja ya mbele na moja ya nyuma, huokoa safari nzima ya basi. Pampu ya hezi 60 kutoka Marekani, hata ikiwa rahisi namna gani, haifai.

Kuifunga si kazi kubwa. Katika mashine nyingi pampu hutoka kwa kubonyeza ulimi mmoja wa plastiki na kuizungusha kwa robo ya duru. Mpira wa kuzibia uwe mpya, upakwe sabuni ya maji kidogo na si grisi ya gari, ambayo huuvimbisha. Kisha mashine isimamishwe, zimiminwe lita tatu za maji safi, na pampu iendeshwe ncha ya mpira ikiwa ndani ya ndoo. Maji yakishatoka yote, gazeti kavu litandazwe chini ya mashine na kuachwa usiku kucha. Asubuhi likikutwa kavu, chujio lirudishwe na kufungwa barabara mpaka lisikike likiingia mahali pake, kwa maana chujio lililolegea ndilo linalopitisha mwiba wa kwanza.